Wanachuo wengi hawana sonona, wana usingizi na njaa. Nipingeni kwa hoja

#1 Mjukuu wa Chifu

Wakuu salaam.

Niko mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Dar. Haipiti wiki sijasikia mtu anasema "afya yangu ya akili haiko sawa". Siwacheki, wanaoumwa kweli wapo. Ila wengi wao naishi nao na ratiba zao naziona. Mtu analala saa tisa usiku kwa sababu bando la usiku lisipotumika linapotea. Anaamka saa nne asubuhi, vipindi viwili vimeshampita. Hajatia kitu tumboni mpaka alasiri, hapo anashusha zege (chipsi mayai) na soda. Jioni eneji. Mazoezi yake ni ngazi za hosteli. Wiki tatu za hivyo, halafu anashangaa mbona analia bila sababu.

Madai yangu: lala mapema, kula mara tatu, tembea, simu weka mbali, na nusu ya hayo mawazo yataondoka bila daktari wala mchungaji. Anayepinga aje na hoja, matusi abaki nayo.

#2 Karanga za Kukaanga

Nimekaa paleee.

#3 Pasi Ndefu

Kula mara tatu kwa hela ya nani, mkuu?

Ngoja nikupigie hesabu. Bodi ya Mikopo inatoa 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Hiyo ni chakula na malazi kwa pamoja. Bumu la siku 60 ni laki sita. Mimi hosteli nilikosa, geto langu ni elfu themanini kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi mitatu kwa mkupuo, kwa hiyo 240,000 imeenda kabla sijanusa. Imebaki 360,000, yaani elfu sita kwa siku. Toa nauli, bando, fotokopi za madesa, na mdogo wangu yuko kidato cha nne anahitaji daftari. Hapo wali maharage mara moja kwa siku ni sherehe. Na siku ya 61 bumu halijaingia, wala ya 65.

Sasa wewe unaniita mtu mwenye tabia mbaya ya kula. Mimi napiga pasi ndefu kwa sababu ya bajeti.

#4 Mjukuu wa Chifu

Pasi Ndefu sikatai, ila tuseme ukweli wote. Bumu likiingia, wiki ya kwanza pale nje ya geti kuku wanaisha saa mbili usiku. Wiki ya saba watu hao hao wanachangiana mihogo. Kiasi cha hela ni kile kile.

#5 Pasi Ndefu

Mtu aliyeshinda na njaa wiki tatu ukimpa hela atakula kuku. Hata wewe.

#6 Nesi wa Zamu

Mleta mada kwenye eneji umegusa penyewe ila umepita mbio. Mimi nakaa hapo.

Kopo la kawaida la mililita 250 lina kafeini kama miligramu 80. Mwilini inachukua takribani saa tano kupungua nusu. Wengine tatu, wengine saba. Chukua mtu aliyekunywa makopo mawili saa nne usiku ili apige msuli wa kusoma. Saa tisa usiku anajitupa kitandani na bado ana kafeini ya kopo zima kwenye damu. Usingizi atapata, ila wa juu juu. Asubuhi kichwa kinagonga, anameza Panadol Extra mbili. Lile boksi watu hawalisomi: kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini. Mchana moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, anakuja dispensari anasema ana hofu na hajui inatoka wapi. Tunapima malaria, hana. Tunapima presha, imepanda kidogo. Anapewa karatasi ya kurudi baada ya wiki, na hakuna aliyemuuliza jana alikunywa nini.

#7 Fundi Simu Ubungo

Kopo moja lina miligramu 300, niliona kideo.

#8 Nesi wa Zamu

Fundi, soma ubavuni mwa kopo, acha kideo. Nyingi ni 32 kwa kila mililita 100, kwa hiyo ukifika 300 umeshakunywa karibu lita nzima. Wataalamu wa Ulaya na Marekani wanasema mtu mzima mwenye afya asivuke 400 kwa siku, na kwenye hizo 400 chai yako ya rangi imo.

#9 Karanga za Kukaanga

Chai ya rangi mkianza kuishitaki mimi nahama jukwaa.

#10 Takwimu Baridi

Wote mnaenda njia moja: tabia mbaya kwanza, akili kuharibika baadaye. Inaweza kuwa kinyume. Kukosa usingizi, kupoteza hamu ya kula, kuchoka ovyo, kusoma ukurasa mmoja mara tano hauingii, hizo ni dalili za sonona yenyewe.

Mfano. Dodoso linalotumika sana kupima sonona ni PHQ-9. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unapewa alama 0 mpaka 3, jumla 27. Swali la tatu ni usingizi. La nne ni uchovu. La tano ni chakula. Sasa anakuja mtu wa tasnifu anawauliza wanafunzi mnalala saa ngapi, halafu anawapa PHQ-9, halafu anatangaza kwamba wasiolala vizuri wana sonona zaidi. Ndugu yangu, usingizi umeuhesabu mara mbili! Na tafiti nyingi za vyuoni ni za kugawa karatasi siku moja, basi. Haziwezi kukwambia kilichotangulia.

#11 Mjukuu wa Chifu

Kwa hiyo tusilale mpaka utafiti uishe?

#12 Takwimu Baridi

Lala mkuu. Ila usimwambie mgonjwa kwamba anaumwa kwa sababu hapati usingizi, wakati hapati usingizi kwa sababu anaumwa.

#13 Dada wa Kimara

Kaka zangu mnaandika kama vile chuo kizima ni wanaume.

"Tembea, kimbia asubuhi." Saa kumi na moja alfajiri, njia ya vumbi, taa hakuna, nikimbie na nani? Mwaka wa kwanza tulijaribu wasichana watatu. Bodaboda wa kijiweni walitugeuza tamasha. Tukahamia jioni, huko nako kila mwanaume amekuwa kocha.

Na usingizi. Mimi nilibebwa mwaka mzima. Kwa ambao hawajapitia: mlangoni yameandikwa majina ya watu wanne, ndani mnalala saba. Kitanda cha futi mbili na nusu wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kule, miguu ya mwenzio ndiyo mto wako. Mwenye kitanda akisoma mpaka saa nane usiku, taa inawaka mpaka saa nane usiku. Nimwambie azime kama nani? Mimi mgeni pale. Akija mtu wa dodoso atanijaza kwenye kisanduku cha "tabia duni za kulala" na kunishauri nipunguze simu.

#14 Pasi Ndefu

Umemaliza dada. Nakazia.

#15 Mjukuu wa Chifu

Dada yangu pole, ila hosteli si zimejengwa?

#16 Takwimu Baridi

Za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilifunguliwa Aprili 2017, nafasi 3,840. Ni nyingi, na zilisaidia. Wanafunzi wa Mlimani ni mara kadhaa ya idadi hiyo, na huko vyuo vingine hujafika.

#17 Mwana Ng'ong'ona

Kuhusu kutembea. Mimi ni wa UDOM, geto langu Ng'ong'ona. Anayekijua kile chuo anajua kolegi moja hadi nyingine ni safari, na upepo wa Dodoma unakupiga mchanga usoni. Kwa wiki natembea kilomita ambazo Mjukuu wa Chifu hatembei semista nzima. Kama kutembea kungekuwa dawa, sisi tungekuwa malaika. Stresi tunazo kama kawaida, tofauti ni kwamba tuna na vumbi.

#18 Mjukuu wa Chifu

Kutembea kwa kuchelewa kipindi ukiwa na njaa siyo mazoezi. Shirika la Afya Duniani wanasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Na kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, 1999, mazoezi yaliwasaidia watu wenye sonona sawa na dawa. Hapo Takwimu utasema nini?

#19 Takwimu Baridi

Nitasema usome mpaka mwisho. Walikuwa watu 156, wote wa miaka 50 kwenda juu, wiki 16. Mama yako pengine, siyo wewe. Halafu walikuwa wanafanya kwa kundi, kuna msimamizi, mara tatu kwa wiki, wanakutana. Kilichowasaidia ni kukimbia, au ni kutoka nyumbani na kukuta watu wanakusubiri? Utafiti ule hauwezi kuvitenganisha hivyo viwili vizuri.

#20 Mzee Kafeteria

Nimesoma kimya, sasa niwasalimu vijana wangu.

Sisi miaka ya 80 Mlimani hatukuwa na msamiati huu. Tulitoka JKT, saa kumi na moja mchakamchaka, ukifika chuo mwili umeshazoea amri. Asubuhi kafeteria, mchana kafeteria, jioni kafeteria. Saa nne usiku kama hukuwa maktaba, umelala. Hakukuwa na simu ya kukukesha. Nidhamu ndiyo iliyotubeba. Nyie mnalala na simu kifuani.

#21 Binti wa Takwimu

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, JKT ya lazima ilisitishwa 1994 na ilirudi 2013, na hata sasa hawaendi wote. Kwa hiyo kuna vizazi viwili vitatu hapo katikati huwezi kuwadai nidhamu ya jeshi. Na hiyo kafeteria mara tatu alikuwa analipa nani? Serikali. Kuchangia gharama kulianza mwanzoni mwa miaka ya 90. Ratiba yenu nzuri ilikuwa na mpishi ndani yake, mzee wangu.

(Jina letu na Takwimu Baridi limegongana tu, hatujuani.)

#22 Mzee Kafeteria

Marahaba mwanangu. Mpishi alikuwepo, foleni tulipanga wenyewe.

Ila niongeze jambo ambalo hamkuniuliza. Waliopotea walikuwepo hata kwetu. Kulikuwa na kijana wa uhandisi, hodari mno, akaanza kutembea usiku ukumbini akiongea hesabu. Tulisema vitabu vimemzidi. Ndugu zake wakaja kumchukua na sanduku lake la bati. Hatukusikia tena habari zake. Alikuwa anakula mara tatu kama sisi, na anakimbia kama sisi.

#23 Nesi wa Zamu

Asante mzee kwa hilo. Kuna maradhi yanaanzia umri huo huo wa chuo bila kujali umekula nini. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2005 ulionyesha robo tatu ya waliowahi kupata maradhi ya akili yalikuwa yameshaanza kabla ya miaka 24 hivi. Chuo kinamkuta mtu katikati ya umri huo, halafu lawama zote tunakitupia chuo.

#24 Mkeka Umechanika

Mnamsahau mhusika mkuu wa hadithi hii. Kindege, ule mchezo wa kubeti kwenye simu, na mikeka yote.

Mwenzangu wa chumba, mwaka wa pili. Kijana mpole, hanywi, havuti, Jumapili yuko kwaya. Bumu liliingia Ijumaa, Jumapili usiku hana nauli ya daladala. Hakusema neno. Sisi tulichokiona ni kwamba halali. Saa kumi usiku yuko macho, mwanga wa simu umempiga usoni, shuka kajifunika mpaka kidevuni, anafuatilia daraja la pili Mexico anahesabu kona. Tukamwita tukamkalisha, tukampa ushauri ule ule wa #1: kaka, weka simu mbali, lala. Akaitikia vizuri kabisa.

Kumbe anadaiwa na watu wanne, na zaidi ya hao ana mkopo wa ile programu ya kwenye simu. Hao jamaa wakianza kudai wanatuma ujumbe kwa kila namba iliyo kwenye simu yako. Mjomba wake wa Tabora alipata ujumbe kabla yetu. Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024, lakini yeye alishaingia kabla. Mtu wa namna hiyo ukimnyang'anya simu umemsaidia nini?

#25 Karanga za Kukaanga

Nani anabeti kona za daraja la pili Mexico?

#26 Mkeka Umechanika

Saa kumi usiku Afrika Mashariki mechi ziko wapi tena, mkuu? Usiulize ya wenzio.

#27 Fundi Simu Ubungo

Simba ikifungwa na Yanga nusu ya hosteli ina sonona na hilo hamlitaji.

#28 Karanga za Kukaanga

Nusu ya hosteli hiyo ni ya Simba, hao wamezoea.

#29 Mjukuu wa Chifu

Msiniharibie uzi.

#30 Komredi wa Pwani

Hamjambo, niko Mombasa. Mkeka huku ni ule ule, HELB ndiyo Bodi yenu. Sisi tuongezee muguka, aina ya mirungi. Komredi anatafuna usiku kucha akisema anasoma, asubuhi macho mekundu, taya limemuuma, chakula hakimpiti. Siku mbili baadaye ameanguka chini kabisa, hataki kuongea na mtu. Anatafuna tena ili ainuke.

Gavana wetu aliupiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha amri yake. Kelele kubwa ilitoka Embu, na si bure. Kule muguka ndio unaolipa karo. Nina rafiki wa huko, yuko chuo kwa hela ya shamba la muguka na mwenyewe hajawahi kuutia mdomoni.

#31 Mwana Ng'ong'ona

Huku mirungi ni kesi ya dawa za kulevya, komredi. Ukija kututembelea acha mzigo mpakani.

#32 Bi Mkunazini

Assalaam alaykum. Sie wa Unguja naomba tuingize jambo.

Ramadhani usingizi wetu unakatika vibaya sana. Tarawehe, kisha daku, kisha alfajiri, na mitihani ikiangukia humo ni mtihani juu ya mtihani. Kwa hesabu ya mleta mada na ya Nesi, mwezi ule tungekuwa tushavurugika sote. Nnavyoona mimi ni kinyume. Wapo wasichana kwenye dahalia yetu tangu muhula uanze hawatoki vyumbani, chakula wanakula kitandani na mlango wamefunga. Magharibi ikiadhiniwa wanatoka. Futari hailiwi pekee. Sinia inawekwa chini, muhogo wa nazi, tambi, kaimati, kila mmoja kaleta alichojaaliwa, na asiyeleta anaitwa vilevile, tena anaitwa kwa jina. Idi ikishapita, milango inafungwa kama zamani.

Basi nnauliza: kinachowakosesha raha ni usingizi, au ni kula peke yao?

#33 Takwimu Baridi

Swali zuri kuliko yote humu. Ila Ramadhani ina mengi kwa pamoja: ibada, kafeini ya mchana haipo, wazazi wanapiga simu zaidi, wavutaji wanapunguza. Siwezi kusema ni sinia peke yake.

#34 Bi Mkunazini

Wewe kila kitu huwezi kusema.

#35 Karanga za Kukaanga

Bi Mkunazini ameua. Naomba mwaliko wa futari, nitaleta karanga.

#36 Lekchara wa Kukaimu

Nafundisha, na mimi nina langu la kusema kuhusu usingizi, maana msuli wa usiku wa kuamkia mtihani nauona kila UE, mitihani ya mwisho wa semista.

Kuna utafiti wa MIT uliochapishwa 2019. Darasa la kemia, wanafunzi kama mia wakavishwa saa za kupima usingizi karibu semista nzima. Usingizi wa usiku mmoja kabla ya mtihani haukuonyesha uhusiano wowote na alama. Usingizi wa wiki na mwezi wa nyuma, na kulala muda ule ule kila siku, ndio uliokwenda pamoja na alama. Kwa hiyo anayejinyima mwezi mzima halafu analala vizuri siku ya mwisho hajaokoa kitu.

Lakini nawaona hawa watoto wanapofika. Wengi wametoka shule za bweni. Miaka sita kengele ya kuamka, kengele ya kula, kengele ya prepo, kengele ya kulala, mwalimu wa zamu anapita na fimbo kuhakikisha taa imezimwa. Wanafika chuo, wana miaka 20 na hawajawahi hata mara moja kuamua wenyewe saa ya kulala. Tunawapa ratiba yenye kipindi saa moja asubuhi na kingine saa mbili usiku, katikati hakuna kitu, na kantini inafungwa saa kumi na mbili. Halafu tunaandika kwamba vijana hawajui kupangilia muda. Ratiba ile nimeshiriki vikao vyake. Hoja ya saa ya kula haijawahi kuwa kwenye ajenda.

#37 Dada wa Kimara

Mwalimu, na ile tabia ya kutangaza testi saa nne usiku kwenye kundi la WhatsApp, testi yenyewe kesho asubuhi, nayo iko kwenye ajenda?

#38 Lekchara wa Kukaimu

Hiyo ni ya wenzangu.

#39 Karanga za Kukaanga

Hahaha "ya wenzangu".

#40 Takwimu Baridi

Kwa sababu kila mtu anataja simu, niweke hapa utafiti ninaouheshimu. Facebook ilianzia Harvard Februari 2004, ikafunguliwa chuo kimoja baada ya kingine Marekani. Wachumi watatu, Braghieri, Levy na Makarin, wakachukua takwimu za afya za wanafunzi wa miaka ile, wakalinganisha vyuo vilivyoipata mapema na vilivyochelewa. Ilipofika, dalili za sonona zilipanda. Matokeo yalichapishwa 2022. Hapo mshale wa sababu unaonekana vizuri kuliko kwenye dodoso la siku moja, kwa sababu wanafunzi hawakuchagua tarehe ya chuo chao kuunganishwa. Na maelezo waliyoyaona yana nguvu ni kujilinganisha: unaamini wenzako wana maisha bora kuliko wewe.

#41 Pasi Ndefu

Hiyo hata bila wachumi watatu. Siku ya bumu kaa ufungue stetasi. Mmoja yuko Masaki na glasi, mwingine Zanzibar, mwingine kiatu kipya kimekaa juu ya boksi lake. Wote nawajua, wote tunachangia sabuni. Na bado nikiangalia roho inaniuma.

#42 Fundi Simu Ubungo

Mie wananiletea simu za vioo vilivyopasuka kwa kurushwa ukutani. Matokeo ya semista yakitoka nakula vizuri wiki nzima.

#43 Njia Panda

Naomba kuuliza, msinitanie.

Mimi silali kwa simu, wala sibeti, na hela ya kula ninayo. Tangu matokeo ya semista ya kwanza, nina keri mbili (masomo niliyofeli ya kurudia), sijisikii kufanya kitu. Naoga kwa kujilazimisha. Mama akipiga naiangalia simu mpaka inakata. Natembea jioni kama mlivyosema, narudi niko vile vile. Kwenye maswali tisa ya Takwimu Baridi nimepata 17. Hiyo ni nini?

#44 Karanga za Kukaanga

Njia ya Dodoma hiyo, hospitali ya akili ya Mirembe wanapokea.

#45 Nesi wa Zamu

Karanga, nyamaza. Mirembe ni hospitali kama hospitali nyingine, na huyu ameuliza swali la maana.

Njia Panda, dodoso halitoi jina la ugonjwa, linasema tu unahitaji kuonana na mtu. Kuanzia 10 tunasema nenda. 17 usisubiri. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya cha chuo, mwambie daktari maneno haya haya uliyoandika, hata kama ni kumwonyesha simu asome. Kama hakuna anayehusika na afya ya akili watakupa rufaa hospitali ya mkoa. Usiende peke yako. Na lile swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, kama umeweka chochote zaidi ya sifuri usilale peke yako leo, mwambie mtu aliye karibu. Nimekutumia ujumbe pembeni.

#46 Dada wa Kimara

Na mama mpigie, hata umwambie tu umeamka. Nakutumia ujumbe na mimi. Kama uko Dar nitakusindikiza.

#47 Njia Panda

Swali la tisa ni sifuri. Nimewajibu wote wawili. Asanteni.

#48 Pasi Ndefu

Kwetu ofisi ya ushauri nasaha ipo, chuo sikitaji. Nilienda mwaka jana. Mlango uko mkabala na ofisi ya mikopo, foleni yote inakuona ukiingia. Ndani kuna meza mbili, mshauri mmoja, na yule mwingine alikuwa anachapa barua za likizo. Nikasema nimekuja kuulizia kitambulisho.

#49 Lekchara wa Kukaimu

Hili nimelichukua. Sisemi litatatuliwa.

#50 Mjukuu wa Chifu

Wakuu, mmeniongezea mengi ila msimamo wangu bado. Kwa Njia Panda ni hospitali, hilo halina ubishi. Ila kwa wale ninaoishi nao bado nasema ni usingizi. Napendekeza tujaribu: wiki mbili, watu kumi humu, saa tano usiku simu nje ya chumba, eneji hakuna. Kila mtu ajaze maswali tisa mwanzo na mwisho.

#51 Takwimu Baridi

Bila kundi la kulinganisha huna jaribio. Kumi walale, kumi waendelee na ujinga wao. Na swali la usingizi litolewe kwenye jumla, maana alama za hilo zitashuka zenyewe.

#52 Bi Mkunazini

Na kumi wale pamoja sinia moja, wakeshe watakavyo.

#53 Dada wa Kimara

Simu nje ya chumba kwetu asubuhi huikuti. Sisi tutafanyaje?

#54 Mjukuu wa Chifu

Zimeni mziweke chini ya godoro.

#55 Dada wa Kimara

Godoro la nani?

#56 Mwana Ng'ong'ona

Mimi niandikeni kundi la kulala. Hilo lingine la kuendelea na ujinga nina uzoefu nalo wa kutosha.